Neno Lililosemwa na Homa

Baba Nasieku,

Salamu sikuandikii. Kukuuliza kama hujambo ni kujidanganya, na uongo wa msiba huu umeshanitosha. Nimelishwa tangu siku tulipokuzika. Nakuandikia kwa sababu hapa nyumbani sina mtu mzima wa kuongea naye ambaye sijamdharau, na wewe ndiye uliyezoea kunisikiliza nikiwasema watu, unacheka chini chini na kujifanya unachochea moto. Nasieku yuko Daa, kijijini kwetu, kwa mama yangu, anasoma. Mimi nimekaa hapa mlangoni. Naandika mchana kwa kuwa mafuta ya taa hayapatikani Karatu wala kokote, na kila anayepita anachungulia kuona huyu Mmbulu, mke wa marehemu, anaandika nini. Wachungulie tu. Wengi wao kusoma hawajui, na wanaojua hawatapenda watakachokiona.

Nianze na ndugu yako Saruni, maana yeye ndiye aliyenifanya nitafute kalamu. Bado anavaa ile miwani ya jua aliyopewa na mtalii kule hotelini. Anaivaa hata asubuhi, wakati Nainokanoka yetu imefunikwa na ukungu na mtu haoni mkia wa ng'ombe anayemkamua. Ukimwuliza anaona nini humo ndani, anakujibu, "Nou problem, shemeji." Hicho ndicho Kiingereza alichotoka nacho baada ya miaka yote ya kubeba mabegi ya Wazungu. Msibani alilia kuliko sisi sote. Alilia na miwani yake usoni, kwa hiyo chozi sikuliona, lakini sauti nadhani ilifika mpaka kreta, kule shimoni kwa wanyama. Na tangazo la kifo chako lilipokwenda redioni, alihakikisha jina lake linasomwa kabla ya la mwanao.

Hayo ningeyameza. Watu wa namna hiyo kila ukoo unao, na wewe mwenyewe ulikuwa unasema, "Saruni ni mdogo wangu, nitamtupa wapi?" Lakini siku tulipomaliza kukuzika alisimama mbele ya wazee, akakohoa kama mwenyekiti wa kijiji, akasema wewe umemwachia neno. Umemwachia ng'ombe, na umemwambia awashushe uwandani, wakati nyumbu wamejaa kule wanazaa.

Nilikuwepo uliposema, Baba Nasieku. Ni kweli ulisema. Ndiyo maana nataka nikueleze ulivyokuwa siku zile, kwa sababu wewe mwenyewe hukuwepo.

Ulianza kuumwa kichwa ukasema ni baridi. Baadaye homa ikapanda, shingo ikakakamaa, mwanga ukawa unakuchoma macho, ukaanza kuniita kwa jina la marehemu mama yako. Nilisimama katikati ya barabara nikasimamisha gari la watalii, dereva akaniambia haruhusiwi, nikamtukana kwa Kiiraqw, lugha yetu Wambulu, na bahati yake mbaya naye alikuwa wa kwetu, akaelewa kila neno. Akatupakia. Hospitali ya misheni walikulaza, na yule daktari mrefu akakuchoma sindano mgongoni, akatoa maji ya uti wa mgongo akaenda kuyatazama kwa darubini.

Aliporudi aliniambia maji yale kwa kawaida huwa safi, lakini yako ameyakuta na chembe nyeupe za damu nyingi sana. Nikafurahi! Mimi na darasa langu la saba, nikakumbuka tulivyofundishwa kwamba chembe nyeupe ni askari wa mwili. Nikamwambia, basi wamefika, atapona. Yule daktari akanitazama kwa huruma ambayo mpaka leo sijamsamehe. Akasema kuna kirusi kimeingia kwenye ubongo, ni kipi hajui, na dawa ya kukiua hana. Askari wamekifuata humo humo. Tatizo, akasema, ubongo uko ndani ya mfupa, ukivimba hauna pa kwenda. Kirusi kinaharibu, na vita yenyewe inaharibu, na mgonjwa ndiye anayelipia zote mbili.

Sijawahi kudharau kitu kama nilivyowadharau askari hao siku ile. Nilikaa pembeni ya kitanda nikiwawaza. Walikuwa wapi kirusi kilipokuwa bado kinazurura kwenye damu? Wamelala. Kimeshaingia chumbani kwa mwenye nyumba, ndio wanakuja kwa kishindo, wanavunja vyungu, wanapasua kuta, wanaita hiyo ulinzi.

Ukaanza kusema maneno. Ulimwambia Sista aliyekuwa anakubadilishia shuka kwamba ni mwizi wa mbuzi na unamjua mpaka kwao. Ulisema nyumbu wameingia wodini wanakunywa maji ya dripu. Ulituamuru tukifunge kitanda chako kwenye mti kisije kikaondoka. Na katikati ya hayo, Saruni na Mzee Mepukori, mkubwa wa wazee wenu, wakiwa wamesimama miguuni pako, ukafumbua macho ukasema kwa sauti yako kabisa, ile ya siku zote, "Saruni, washushe ng'ombe. Nyasi ziko chini. Washushe." Ukafumba macho. Baada ya hapo hukusema tena kitu kinachoeleweka, na ulikufa bila kunijua.

Sasa nisikilize. Kati ya yote hayo Saruni alichukua moja tu. Mbona kitanda hakukifunga kwenye mti? Mbona hakwenda kumkamata Sista wa watu? Lakini mnavyosema ninyi Wamaasai, neno la mwisho la mwenye zizi kuhusu ng'ombe wake halipingwi, na Mzee Mepukori alikuwepo, alisikia kwa masikio yake. Alitia ugoro puani, akapiga chafya, akasema, "Marehemu amesema." Wazee wote wakaitikia. Wanaume wazima wenye wajukuu, wakaitikia maneno ya mtu aliyekuwa anaona nyumbu kwenye dripu.

Tangu unioe sijawahi kukuona ukishusha ng'ombe nyumbu wakizaa. Hata mwaka ule wa ukame, huku juu pamebaki vumbi na uwanda wote kule chini ni kijani, tulikaa hapa hapa tukakata matawi ya miti kuwalisha. Nililalamika mimi, mkulima, niliyeona majani mazuri yanaachwa bure. Ukaniambia, "Nyumbu akizaa, uwanda si wetu. Tutashuka ndama wao wakibadilika rangi." Ulinieleza kwamba ng'ombe akipita pale nyumbu alipozalia anarudi na kifo. Baba yako alikufundisha, na wewe ulinifundisha mimi. Huyo ndiye mume wangu. Yule wa kitandani alikuwa homa iliyoazima mdomo wako.

Niliyasema hayo mbele yao. Saruni akacheka kwa upole, kama anavyowachekea watalii. Akamkamata ng'ombe mmoja, akashika sikio, akalionyesha kwa kila mtu. Unakumbuka waganga wa mifugo walipokuja na chanjo ya sotoka, wakawa wanawatoboa masikio waliochanjwa? Saruni akasema, "Hayo mambo ya baba yalikuwa ya zamani. Hawa wamechomwa sindano. Nyumbu atawafanya nini?" Na wazee wakatikisa vichwa, maana ni kweli waliiona sotoka ikiua nyumbu na ng'ombe pamoja, na ni kweli sindano iliizuia. Kwao basi ugonjwa wa nyumbu ni ugonjwa wa nyumbu, na sikio lenye tundu limemaliza kazi. Kisha akanigeukia. "Shemeji, kwenu ni jembe. Ng'ombe tuachie sisi."

Asubuhi waliyoondoka nilikwenda nikasimama mlangoni kwa zizi nikashika mti wa mlango kwa mikono miwili. Ng'ombe wa maziwa ulionigawia siku ya ndoa, pamoja na ndama wao, ni wa nyumba yangu, na hilo hata Mepukori na ugoro wake hawezi kulipinga. Nikasema hawa hawatoki. Saruni akasema nimechanganyikiwa na msiba. Nikamwambia ndiyo, nimechanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa anauma. Akaniachia hao. Waliobaki wote akawapeleka, wa kwako na wa kwake pamoja, na yule ng'ombe uliyempenda, Narok, akiwemo, kwa kuwa wakati ule hakuwa na maziwa na sikuweza kusema ni wa kukamuliwa. Narok wako. Alipita karibu yangu akasimama akaninusa, wakampiga fimbo akaenda.

Walirudi wamenona. Sitakuficha, walikuwa wanang'aa. Saruni alipita nao hapa mbele taratibu, kwa makusudi, akapiga mluzi. Mke wake, Mama Lemali, akaja kunitania, "Wa kwako mbona mbavu zinahesabika, Mama Nasieku?" Usiku nilikuwa nalia kwa hasira, maana moyoni nilianza kujiuliza, je, kama alikuwa sahihi? Je, kama lile neno lilikuwa lako kweli, na mimi ndiye niliyekuvunjia?

Halafu Narok akaacha kula. Kamasi zikaanza kumtoka, nzito, zikakauka puani zikawa magamba. Macho yakaanza kuingia weupe kutoka pembeni kuelekea katikati mpaka akawa haoni. Alikuwa na moto mwilini ungeweza kuchemshia chai. Mwishoni akawa anasukuma kichwa kwenye ukuta wa zizi, anasukuma na kusukuma, kama anataka kutoka ndani ya kichwa chake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaona hilo. Wewe ulikuwa unasukuma kichwa kwenye chuma cha kitanda hivyo hivyo.

Walipoanza kuumwa wengine, shujaa wetu alifanya nini? Alichagua waliokuwa bado wanasimama vizuri, wengi wao wa kwake, akawahamishia kwenye zizi jipya ng'ambo ya kilima. Wagonjwa akawaacha hapa, ndani ya zizi langu, pamoja na wale wa kwangu ambao hawakushuka. Alisema hawana nguvu ya kutembea. Lakini Mama Lemali, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu, aliniletea maneno aliyoyasema mumewe nyumbani: "Huyo Mmbulu alijifanya mjanja. Acha na wake waambukizwe." Na kwa watu wengine Mama Lemali mwenyewe akawa anasema mimi ndiye niliyeleta mkosi, kwamba mume amekufa kwa kichwa na ng'ombe wanakufa kwa kichwa, na kote nilikuwepo mimi.

Niliishi katika zizi lile. Nilikuwa nawatazama ng'ombe wangu machoni kila asubuhi, nikitafuta ule weupe. Nasieku alirudi kwa likizo akanikuta nimekonda, akauliza, "Yeyo, mama yangu, unakula?" Sikumwambia jambo lingine nililokuwa nimesikia: kwamba Saruni ameshazungumza na mzee mmoja wa Soitsambu mwenye mitamba, na mzee yule yuko tayari kumwoa mtoto wetu ili zizi lijazwe upya kwa mahari. Mtoto aliyebakiza mwaka mmoja amalize shule ya msingi. Na mimi mwenyewe, wala usishangae, Saruni alidhani nimo humo humo kwenye zizi, narithiwa pamoja na ng'ombe.

Kwa hiyo nilikwenda Karatu kwa miguu na kwa lori, nikamtafuta daktari wa mifugo. Ni mtu wa Bukoba, mfupi, anaichukia baridi yetu, anavaa sweta mbili na bado anatetemeka. Alikuja. Alimkuta Narok amekufa asubuhi ile. Alinionya nisitazame, nikatazama. Alimkata kichwa, akapasua fuvu kwa msumeno na shoka, akatoa ubongo, akakata vipande akavitia kwenye chupa ya dawa avipeleke Arusha vikapimwe. Ubongo wenyewe kwa macho ulikuwa umelowa tu na kuwa mwekundu mwekundu. Nilitegemea kuona kitu kikubwa, kitu cha kustahili kuua. Hakukuwa na kitu.

Majibu yalipotoka alirudi mwenyewe, na Mzee Mepukori akaita kikao. Wazee wengine Kiswahili chao ni cha kuuzia mbuzi, kwa hiyo daktari alisema na mimi nikatafsiri kwa Kimaasai. Fikiria, Baba Nasieku: wazee wote wale wameketi, Saruni na miwani yake, na maneno yanapitia kwenye mdomo wa mwanamke wa jembe.

Daktari alisema nyumbu anacho kirusi chake tangu anazaliwa. Hakimsumbui, wamezoeana. Ndama wa nyumbu anakitoa kwa makamasi na machozi, na ng'ombe akilisha hapo anakivuta. Ni kirusi kingine kabisa, akasema, siyo sotoka. Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui mmoja. Akija mwingine haumjui, hata kama sikio lina matundu kama chujio. Nikatafsiri hilo polepole, nikageuza uso upande wa Saruni, nikalirudia mara ya pili kama vile nimekosea mwanzo.

Kisha akafika kwenye ubongo. Sikuwa na neno la chembe nyeupe kwa Kimaasai, nikasema morani wa damu. Wakaelewa papo hapo. Daktari akasema kwenye kipande cha ubongo wa Narok walikuta wamejaa hao hao morani. Wamejipanga kuzunguka kila mshipa mdogo wa damu, wameingia mpaka kwenye kuta za mishipa, wameziharibu. Kirusi chenyewe ni kidogo hata kukiona ni kazi. Ng'ombe anaharibiwa na vurugu za walinzi wake. Mzee mmoja akasema, "Morani wasio na wazee wa kuwashika." Daktari akaomba nimtafsirie, akafurahi sana, akasema hata kwenye vitabu hajakuta maelezo mazuri kama hayo.

Hapo maneno ya daktari yaliyofuata yakanipita. Walidhani sikuelewa Kiswahili cha daktari. Nilikuwa nakuona wewe, na maji yako kwenye kile kichupa, na mimi nikifurahi.

Nikaacha kutafsiri nikasema ya kwangu. Nikawaambia mume wangu alikufa hivyo hivyo. Daktari wa hospitali aliwaona morani wa damu kwenye maji ya mgongo wake, walijaa kichwani mwake wakapigana humo ndani, na kichwa hicho kilichokuwa kinapigwa ndicho kilichosema washushe. Siyo yeye. Daktari wa mifugo akaongeza haraka kwamba ni virusi viwili tofauti, cha nyumbu hakimwingii mtu, na kwamba hakuna aliyemwambukiza mwenzake wala mkosi wowote. Nikalitafsiri na hilo, neno kwa neno, nikimtazama Mama Lemali.

Mzee Mepukori akanusa ugoro wake, akasema kwa uchungu, "Mbona hukutuambia siku ile?"

Baba Nasieku, nilimdharau mzee yule kwa nguvu zangu zote. Nikamwambia, "Niliwaambia. Niliwaambia msibani, na niliwaambia nikiwa nimeshika mti wa mlango, mkasema kwetu ni jembe." Lakini nitampa haki yake, maana wengine walianza kuguna na yeye akawanyamazisha. Akasema lile neno lilikuwa la homa, waliache. Ng'ombe waliobaki wabaki na nyumba yako. Na mtoto asome, kwa kuwa zizi lake bado lina ng'ombe na hakuna sababu ya kumuuza. Alisema "kumuuza", kwa mdomo wake, na yule mzee wa Soitsambu akatafuta fimbo yake akaondoka bila hata kuaga.

Jambo moja daktari alilisema mwishoni, wakati anafunga begi lake, kama kitu kisicho na uzito. Ng'ombe hamwambukizi ng'ombe mwenzake ugonjwa huu. Unatoka kwa nyumbu tu, na unaweza kukaa mwilini wiki nyingi kabla haujaonekana. Niliwatazama ng'ombe wangu waliokula na kulala na wagonjwa wa Saruni, wote wazima, na macho yao meusi. Kisha nikatazama kilima. Na Saruni naye akatazama kilima. Wale wazuri aliowachagua, aliowakimbiza waokoke, wote walikuwa wameshuka uwandani. Akavua miwani. Ni mara ya kwanza kumwona macho tangu ufe, na ni macho yako, mjinga yule, ana macho yako kabisa.

Wamekufa karibu wote ng'ambo ya kilima. Nilidhani nitafurahi, na sitakudanganya, siku za mwanzo nilifurahi. Nilikuwa nasimama hapa asubuhi kusikiliza kama bado kuna kengele. Nilijua atakuja kuomba, na nilikuwa nimeshatayarisha maneno, mazuri, makali, nilikuwa nayarudia nikiwa nakamua. Hakuja. Alimtuma mke wake. Mama Lemali alikuja na kibuyu kitupu na yule mtoto wao mdogo amemfunga mgongoni, akasimama pale mlangoni, na mdomo ule ambao haujawahi kufungwa haukufunguka. Aliinua kibuyu tu kidogo nikione.

Maneno yangu yote yakaniishia. Nikachukua kibuyu nikakijaza. Nilimimina kwa hasira, maziwa yakamwagikia miguuni kwangu, nikajaza. Mtoto alikunywa pale pale, na kope zake zile ndefu za ukoo wenu. Maziwa ya ng'ombe ambao baba yake aliwaacha waambukizwe. Tangu siku hiyo wanakuja kila asubuhi. Usidhani nimesamehe, Baba Nasieku. Mtoto hana kosa, basi. Saruni mwenyewe akitaka maziwa arudi hotelini akaombe kwa watalii.

Sasa nimalize, jua linaondoka na baridi imeanza kushuka. Kuna jambo moja limenisumbua tangu mwanzo, na leo nimeamua. Wao walichagua neno lako la mwisho, na mimi nina haki ya kuchagua langu. Asubuhi ile kichwa kilipoanza kuuma, kabla ya homa, ulisimama hapa hapa nilipokaa, ukaniambia, "Leo usimkamue sana huyu, ndama wake amekonda." Hukusema kitu kingine. Ulikuwa wewe mwenyewe, na akili yako yote, na ulikuwa unamwaza ndama.

Hilo ndilo nililolishika. Ndama anakuwa wa kwanza, halafu watoto, wa kwetu na wale wengine, halafu mimi nikipata. Nyumbu wakizaa tena tutakuwa huku juu, hata kama patabaki mawe matupu, na atakayekuja kunionyesha sikio lenye tundu atanikuta mlangoni. Nakuahidi hivyo. Nasieku akimaliza shule nitamleta hapa nimkabidhi ng'ombe wake mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa mzima na akili timamu, na mashahidi wasikie, ili siku yangu ikifika nikianza kusema ya homa asinisikilize.

Pumzika, mume wangu. Nilikuwa nimekusudia kukuandikia barua ya kuwasema watu tu. Nimekukumbuka mpaka naumwa.

Mama Nasieku